Rubani Aliyejibu Sawasawa

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona bado sijaielewa. Wazee wengi watakuketisha chini wakueleze mambo waliyoyamaliza kichwani mwao zamani, wakupe na jibu lake. Mimi leo nakupa lile ambalo mpaka sasa halijanikaa sawa, na muda wa kulifikiria nimekuwa nao tele, maana nimestaafu, niko zangu hapa Yamumbi na ng'ombe wawili ambao hawaniulizi maswali.

Nilikuwa msichana tu wakati huo. Nilitoka kwetu Bungoma nikiwa na cheti changu na sanduku moja la nguo, nikaajiriwa kuongoza ndege huku Eldoret. Nikisema hivyo, watu hufikiri nilikuwa nasimama uwanjani nikipunga vile vibao vya rangi. Hata mamangu alifariki akiamini hivyo, na nilichoka kumweleza. Kazi yangu ilikuwa juu ya mnara, kwenye kile chumba cha vioo pande zote, nikiongea na marubani kwa redio, nikiwaambia nani ashuke, nani angoje, nani apite wapi. Siku hizo mnara wetu haukuwa na skrini ya kukuonyesha ndege iko wapi. Ulikuwa na redio, darubini, na macho uliyopewa na Mungu.

Sasa kuna jambo moja la kazi hiyo lazima nikueleze, la sivyo hutanifuata. Ukimpa rubani agizo, lazima alirudie. Ukimwambia geuka kushoto, naye anasema nageuka kushoto. Ukimwambia shuka, anasema nashuka, na anataja anashuka mpaka wapi. Akilirudia sawa, roho inatulia, unaenda kwa ndege nyingine. Akikosea, unamsahihisha hapo hapo. Chuoni tulifundishwa hivyo mpaka tukawa tunarudia maagizo hata kwenye foleni ya chakula, na mimi nilikuwa hodari sana kwa hilo. Sikio langu lilikuwa kali. Rubani akimeza hata neno moja nilikuwa namrudisha alirudie lote, na wengine walininung'unikia wakasema huyu Nafula ni mwalimu wa darasa la tatu.

Basi alasiri hiyo tulikuwa watatu mnarani. Mimi nilikuwa kwenye redio. Odhiambo, kijana mwenzangu, alikuwa kwenye simu. Na nyuma yetu alikuwa mkubwa wetu wa zamu, Mzee Kimaru, mtu wa Timboroa, mzito wa maneno, ambaye alikuwa na tabia ya kusimama dirishani na darubini hata kama hakuna kitu cha kuangalia. Sisi vijana tulimcheka kimya kimya kwa hiyo darubini. Tulisema mzee anatafuta ng'ombe wake.

Kulikuwa na ndege ndogo inatoka Nairobi, ya injini moja. Alikuwamo rubani mmoja na abiria mmoja, mama aliyekuwa ametoka kulazwa hospitali huko, analetwa nyumbani Kapsoya. Mumewe, Mwalimu Barasa, alikuwa chini kwenye chumba cha kungojea abiria, amekuja kumpokea. Mvua nayo ilikuwa imejikusanya upande wa Turbo, ile mvua yetu ya alasiri ambayo ikianza huoni hata ng'ombe aliye mbele yako. Nilitaka hiyo ndege itue mapema kabla mvua haijafika.

Rubani alinipata alipokuwa juu ya Timboroa. Akaripoti vizuri. Nikamwambia aanze kushuka, akarudia. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo na ya polepole, lakini maneno yote yalikuwamo, kila moja mahali pake. Nikamwambia akiuona uwanja aniambie. Akasema akiuona uwanja ataniambia. Mimi nikatulia. Nakuambia nilitulia kabisa, nikanywa chai.

Halafu Mzee Kimaru akasema, bila kutoa darubini machoni, "Nafula, ulimwambia ashuke?"

"Ndio, Mzee. Amerudia sawa."

"Mbona hashuki?"

Nikainuka nikatazama. Ndege ilikuwa imeonekana, lakini juu mno, inakuja imenyooka. Nikabonyeza redio nikampa tena agizo la kushuka, na nikamwongezea ageuke kushoto ajipange kutua. Akarudia yote mawili bila kukosa neno. Tukangoja. Ndege ikapita juu ya vichwa vyetu, haikushuka, haikugeuka, ikashika njia ya Turbo kwenye ile mvua.

Nilipigwa na bumbuazi, mwanangu. Sijui nikuelezeje. Ni kama umwambie mtu funga mlango, akujibu nimefunga, na mlango uko wazi mbele yenu nyote wawili. Nikamwita mara nyingine, akajibu mara nyingine, kwa upole na heshima, kwamba anageuka kushoto. Nikajikuta nimeangalia redio yenyewe. Nikafikiri labda ziko ndege mbili. Nikafikiri labda naongea na ndege nyingine na hii inayopita ni ya mtu mwingine kabisa. Kichwa kilianza kunizunguka, kwa sababu masikio yananiambia mambo yako sawa na macho yanakataa.

Odhiambo ndiye aliyesema. "Huyu jamaa amelewa. Sikiza hiyo sauti."

Na kweli, alipokwisha kusema hivyo, mimi nami nikaanza kuisikia sauti ya mlevi. Dakika iliyopita ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka tu. Sasa kila neno likawa na pombe. Na hapo hapo hasira ikanipanda. Nilijiambia, mtu amebebeshwa mgonjwa, amepewa roho ya mama wa watu, naye anakunywa? Simu ikalia. Odhiambo akasikiliza, akafunika mdomo wa simu kwa kiganja, akaniambia ni watu wa chini, kuna mwalimu anauliza mbona ndege ya mkewe imepita. Odhiambo akasema angojee kidogo, akaweka simu.

Mimi nikashika redio. Nilikuwa nataka kumwuliza wazi wazi hewani kama amekunywa. Kidole kilikuwa tayari. Mzee Kimaru akauweka mkono wake juu ya wangu, mkono mkubwa wa mtu aliyelima, akaniondoa pale bila nguvu.

"Hilo ni swali la chini," akasema. "Huyu yuko juu. Akifika chini utamwuliza, hata mimi nitakusaidia kumwuliza."

"Lakini Mzee, kama amelewa?"

"Kama amelewa tutamshusha. Kama ni mgonjwa je?"

Nikarudi kuitazama ndege.

"Si tutamshusha?" akasema. "Sasa kuna haja gani ya kujua? Na ukimwuliza kama amelewa, yeye akaudhika akazima redio, wewe utaongea na nani?"

Ningependa kukuambia nilimwelewa. Sikumwelewa. Niliona anamtetea mlevi kwa sababu ya uzee, na nilikaribia kumjibu vibaya. Lakini ndege ilikuwa inazidi kuwa ndogo pale mbele ya wingu, na sikuwa na wazo lingine.

Kisha akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Wewe umemsikiliza vizuri sana, ndiyo shida. Ushawahi kumwona mtu anasali kanisani huku amelala? Baba Yetu anaisema yote mpaka amina, hakosei hata neno. Huyu ameruka miaka mingi. Hayo majibu mdomo unayajua wenyewe. Mwulize kitu ambacho mdomo hauna jibu lake."

Akachukua redio yeye mwenyewe. Na badala ya kile Kiingereza chetu cha kazini, ambacho ndicho tuliruhusiwa kutumia hewani, akaongea Kiswahili cha kawaida, cha mtu na jirani yake kwenye ua. "Kapteni, habari ya saa hii. Ni Mzee Kimaru hapa Eldoret. Hebu niambie, mbele yako unaona nini?"

Kimya. Yule mtu aliyekuwa ananijibu kabla hata sijamaliza sentensi hakujibu kitu. Kimya kilikaa mpaka Odhiambo akaacha kugongagonga kalamu yake. Kisha sauti ikaja, na haikuwa ile niliyokuwa naongea nayo. Ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeamshwa.

"Naona... nyeupe. Ni nyeupe tu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu Timboroa nilikuwa sijaongea na mtu.

"Sawa kabisa," Mzee akamwambia, kana kwamba hilo ndilo jibu alilolitaka. "Hiyo nyeupe hatuitaki. Shika usukani, zungusha kushoto. Kushoto tu." Halafu akanipa mimi darubini na kuniambia, "Usisikilize atakachosema. Niambie ndege inafanya nini."

Ndivyo tulivyofanya kazi kuanzia hapo. Mzee anatoa neno moja, neno moja tu, sio mawili kama nilivyokuwa nikimpa mimi. Rubani akijibu, akikosa kujibu, Mzee hajali, anangoja mimi niseme. Nikisema bado, anarudia kwa sauti ile ile, bila kuipandisha. Nikisema inageuka, anamwambia vizuri, endelea hivyo hivyo. Kuna wakati rubani alisema amegeuka na mimi nikasema bado, na Mzee akamwambia tena ageuke bila kumwambia kwamba amedanganya. Akamwambia azime hita ile ya kupasha joto ndani. Akamwambia afungue kidirisha cha pembeni.

"Dirisha la nini, Mzee?" Odhiambo akauliza.

"Kwetu Timboroa watu wanaingiza jiko la makaa ndani kwa sababu ya baridi, wanafunga kila mahali," Mzee akasema. "Asubuhi ukiwafungulia wanayumba na kuongea ovyo, utadhani wametoka klabuni. Wengine hawaamki. Sijui kama ni hilo. Hewa haimdhuru hata mlevi."

Akamshusha kidogo, akamgeuza tena, akamshusha. Wakati mwingine ndege iliinamisha bawa sana nikafunga macho, na Mzee akanigombeza kwa hilo, akasema nikifunga macho tutakuwa vipofu wawili, rubani na mimi. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga vioo vyetu. Odhiambo alikuwa ameshawaita wazima moto na ambulensi, wakajipanga kando ya barabara ya kutua ndege. Na Mzee bado anaongea na yule mtu taratibu, uwanja uko mbele yako, uone, ni ule mrefu, punguza mwendo, kidogo, kidogo.

Ndege iligonga chini kwa nguvu, ikaruka, ikagonga tena, ikatoka nje ya lami ikaingia kwenye nyasi na kusimama ikiwa imegeuka kutazama ilikotoka. Injini ikazimika. Hakuna moto. Mimi nilikaa chini sakafuni na darubini mapajani.

Mzee akaniambia, "Twende umwone mtu uliyekuwa unaongea naye." Akamwachia Odhiambo mnara.

Tulifika wakati mvua imeshakuwa mvua. Yule mama walikuwa wamemtoa, amefunikwa blanketi, anashika kichwa na kusema kinamwuma, na kwamba yeye alilala njia yote. Mwalimu Barasa alikuwa amempigia magoti kwenye matope na suti yake, anamwita jina lake la usichana, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwambia ajikinge.

Rubani alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ambulensi. Mtu mzima, mwenye mvi kidogo, shati jeupe limelowa. Nilimkaribia. Nilikuwa na swali langu la chini, sikulisahau, mwanangu, nililibeba ngazi zote za mnara. Hasira ilikuwa bado iko. Lakini yeye ndiye aliyeanza. Aliponiona na kitambulisho changu shingoni akauliza, "Wewe ni wa mnara?"

Nikasema ndiyo.

"Mbona leo hamkunijibu?" akasema. Hakuwa analaumu. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua. "Nimewaita tangu Timboroa. Nikaita, nikaita. Mkanyamaza. Nilidhani niko peke yangu."

Mtu huyu alinijibu kila neno. Kila agizo nililompa alilirudia, na mimi nikatulia nikanywa chai kwa ajili ya majibu yake, na yeye huko ndani alikuwa anaita na hasikii mtu. Nilishika mkono wake ulio baridi, nikalia pale mbele ya wazima moto. Swali langu sikuliuliza. Wala Mzee hakunikumbusha.

Sasa utataka kujua alikuwa na nini. Hata mimi. Walimtoa damu hospitalini, walikuja watu wa uchunguzi wakatuhoji mmoja mmoja, wakaenda na majibu yao, na kilichopatikana hakikufika kwetu. Uwanjani kila mtu alikuwa na lake. Mpakiaji mizigo mmoja aliapa kwamba alisikia harufu ya pombe, lakini huyo mwenyewe alikuwa hakosi harufu hiyo tangu Jumatatu. Wengine walisema ni moshi wa injini uliingia kwa njia ya hita, ndiyo maana mama wa watu aliumwa kichwa. Wengine wakasema huyo mama alikuwa amepewa dawa za usingizi hospitali, kwa hivyo yeye si ushahidi wa kitu. Kuna aliyesema ni ugonjwa wa sukari, na aliyesema ni msiba, ati rubani alikuwa amefiwa wiki hiyo. Kila jambo nikilishika naona linafaa, nikiligeuza naona halifai. Yeye mwenyewe sikumsikia tena hewani.

Mzee Kimaru alipostaafu nilimwuliza, tukiwa tunamfungia zawadi zake. Nikasema, Mzee, kwa maoni yako, yule alikuwa amelewa au hakulewa? Akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka ni nani ninayemzungumzia. Akasema, "Sijui. Alifika, sivyo?" Akaendelea kutafuta kofia yake. Nilikasirika kidogo, nakiri. Mtu kuishi na swali kama hilo bila hata kujikuna, mimi siwezi.

Lakini nikushauri nini, mwanangu, kwa jambo ambalo mimi mwenyewe silijui nusu yake? Nitakupa ile nusu niliyoishika.

Nyinyi wa siku hizi mnaulizana habari mchana kutwa. Uko aje? Niko poa. Niko fiti. Mambo yako sawa. Ujumbe unaenda, jibu linarudi kabla hujaweka simu chini, na roho inatulia. Hayo majibu mdomo unayajua wenyewe. Kijana anaweza kukujibu fiti kwa miezi na huko ndani anaita na kusikia kimya. Kwa hivyo ndugu yako akikujibu vizuri, usiende kunywa chai bado. Tazama anaelekea wapi. Anakula? Anaamka? Aliyesema anageuka, amegeuka? Na ukiona maneno yanakwenda huku na mtu anakwenda kule, muulize kitu ambacho hana jibu lililokwisha kutengenezwa, halafu uvumilie kile kimya, usikijaze wewe. Ukimwelekeza, mpe jambo moja. Na asipolifanya, usimwite mwongo, mwambie tena.

Na lile swali la amekunywa nini, ni kosa la nani, alijiletea au hakujiletea, liweke. Sikuambii ulitupe. Mimi sijalitupa, liko hapa na mimi na ng'ombe wangu. Nasema ni swali la chini. Huenda siku moja ukajibiwa na huenda usijibiwe, na ukakasirika upendavyo, lakini umkasirikie mtu aliye hai, ameketi mbele yako, amefunikwa blanketi.

Mungu akulinde, mwanangu, katika njia zako zote. Akupe macho ya kuwaona wenzako wanapokujibu sawasawa. Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliye juu, umezungukwa na nyeupe, unaita na husikii mtu, akuwekee mtu dirishani anayekutazama wewe, asiyesikiliza majibu yako, na asichoke mpaka umefika chini. Amina.